Mafuta yakiisha, nani anaziba shimo?

Kila anayepikia gesi nyumbani analijua jaribio la povu. Umeletewa mtungi mpya, umefunga regyuleta, unachovya sifongo kwenye maji ya sabuni na kupaka pale kwenye maungio. Povu likitulia, unawasha jiko. Likianza kutoa viputo vidogo vidogo, unafunga haraka, unafungua madirisha, unampigia simu aliyekuuzia na kumwambia aje auchukue mtungi wake.

Kwenye misitu ya magharibi mwa Pennsylvania, nchini Marekani, wapo watu wanaofanya jaribio hilohilo kama kazi, ila mtungi wao umezama ardhini mamia ya mita na hauna mwenyewe wa kupigiwa simu. Wanatafuta visima vya zamani vya mafuta na gesi vilivyoachwa: bomba lenye kutu lililochomoza kwenye majani. Mara nyingine hata bomba halipo; kuna kijishimo tu kilichojaa maji ya mvua, na maji hayo yanatokota bila moto. Ni gesi inapanda kutoka chini. Ilianza kupanda kabla babu zao hawajazaliwa, na hakuna aliyeizuia.

Ile harufu kali inayokuamsha usiku mtungi unapovuja si ya gesi yenyewe. Imetiwa kiwandani makusudi ili pua ikushtue. Methani, yaani gesi hiyo itokayo ardhini, haina rangi wala harufu, na mtu anaweza kukaa hatua mbili kutoka kwenye kisima kinachovuja, akala chakula chake cha mchana na kuondoka asijue lolote. Ukisikia harufu ya mayai viza, hiyo ni gesi nyingine, salfidi ya hidrojeni, na hapo usisimame kuchunguza, maana ikiwa nyingi inaua.

Pennsylvania ndiko biashara ya mafuta ya Marekani ilikoanzia. Tarehe 27 Agosti 1859, karibu na mji wa Titusville, Edwin Drake alipata mafuta kwenye kina cha futi 69 na nusu, yaani mita 21 hivi. Visima vingi vya maji vya Dar es Salaam vinakwenda chini zaidi ya hapo. Habari zilipoenea, watu walimiminika na kuchoronga kila mahali: mashambani, kandokando ya mito, nyuma ya nyumba zao. (Drake mwenyewe hakutajirika. Alikufa 1880 akiishi kwa pensheni aliyopewa na jimbo.) Kwa karibu miaka mia moja baada ya kisima hicho, jimbo halikumdai mtu kibali cha kuchoronga. Makadirio ya visima vilivyochimbwa humo tangu wakati huo yanaanzia 300,000 na kufika 760,000. Pengo la visima 460,000 katika jimbo moja la nchi tajiri kuliko zote duniani linatosha kuonyesha daftari la kazi hii limeandikwaje.

Wachimbaji wa zamani walipomaliza, waliziba kwa chochote kilichokuwa karibu: gogo la mti, mawe, takataka. Wengi hawakuziba kabisa. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia, chuma kikawa adimu, na mabomba mengi yakang'olewa ardhini yakauzwe, shimo likabaki wazi bila hata ukuta.

Tuyaweke maneno sawa, kwa sababu yanachanganya hata wanaoandika sheria. Kuna kisima kilichosimamishwa: hakitoi kitu, lakini kina mwenyewe, naye anasema atakirudia bei ikipanda. Kuna kisima yatima: hakijazibwa, na mwenyewe amefilisika, amekufa au hajulikani. Halafu kuna neno la kiufundi linalotafsiriwa kama "kutelekeza", ambalo wahandisi hulitumia kwa maana iliyo kinyume na ile ya mtaani. Kwao, kisima "kilichotelekezwa" kinaweza kuwa kile kilichozibwa kwa saruji na kufungwa kwa kufuata kanuni zote. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya kampuni inayosema kisima fulani kimetelekezwa, usikasirike kwanza. Huenda ndicho kilichotunzwa kuliko vyote. Wa kuogopwa ni yule aliyesimamishwa kwa miaka thelathini akimngoja mwenyewe, maana huyo ndiye yatima wa kesho.

Kwa hesabu ya shirika la mazingira la serikali ya Marekani, nchi hiyo ina visima zaidi ya milioni 3 visivyotumika, na zaidi ya nusu havijazibwa. Yatima waliokwisha kuorodheshwa rasmi, wenye namba na mahali panapojulikana, ni zaidi ya 120,000. Waliobaki wanatafutwa kwa droni zinazobeba vifaa vya kunusa chuma ardhini, kwa picha za zamani za angani, na kwa kuwauliza wazee wa kijiji, njia ambayo nadhani inapewa heshima ndogo kuliko inavyostahili.

Lakini kisima kilichokauka kinavuja nini? Swali hili ndilo linalowakwamisha wengi, na kosa liko kwenye neno "kukauka".

Kisima cha mafuta hakikauki kama kisima cha kamba na ndoo. Mafuta na gesi vimejificha kwenye vijitundu vya mwamba, chini ya mgandamizo mkubwa. Ukitoboa, mgandamizo huo ndio unaovisukuma juu. Miaka ikienda nguvu inapungua, unaweka pampu, kiasi kinazidi kushuka, mpaka siku mapato yanakuwa madogo kuliko bili ya umeme na mshahara wa mlinzi. Siku hiyo mhasibu anatangaza kisima kimekwisha. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta bado yamo mwambani. Kwa hiyo kukauka ni tukio la kwenye vitabu vya hesabu, na ardhi haijaarifiwa.

Tazama sasa kisima chenyewe kimejengwaje. Mdomoni kinaweza kuwa na upana wa sufuria kubwa ya shughuli. Chini kabisa, kilomita mbili au tatu huko, ni kama kisahani cha kikombe cha chai. Kinajengwa kama antena ya redio ya zamani, ile ya kuvuta: bomba pana juu, ndani yake jembamba zaidi linalokwenda chini zaidi, ndani ya hilo jembamba zaidi tena. Kila bomba likishashushwa, saruji ya majimaji inasukumwa kupitia ndani yake mpaka chini, inageuka na kupanda kwa nje, ikijaza nafasi kati ya chuma na mwamba. Mafundi wa visima vya maji wanayajua mabomba haya. Wao huyaita kesingi.

Saruji ile imewekwa ili kila tabaka libaki mahali pake. Juu kuna maji matamu tunayokunywa. Chini yake maji ya chumvi, kisha mifuko ya gesi, kisha mafuta. Kwa mamilioni ya miaka matabaka haya yametenganishwa na miamba isiyopitisha kitu. Kisima ni sindano iliyoyachoma yote kwa mpigo, na saruji ndiyo plasta.

Plasta hiyo inazeeka. Saruji husinyaa kidogo inapokauka na kuacha mwanya mwembamba kuliko unywele kando ya chuma, nao kwa gesi ni barabara kuu. Maji ya chumvi yanakula chuma, na salfidi ya hidrojeni inakila zaidi. Ardhi nayo inatikisika na kushuka, hasa pale mafuta mengi yalipokwisha kutolewa. Visima vya karne ya 19 havikuwa hata na saruji ya kuzeeka.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua gesi inayotoka hivi ni kiasi gani. Hata hesabu za kitaifa za gesijoto hazikuiweka. Mwaka 2014 mtafiti Mary Kang na wenzake, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, walichapisha vipimo vya visima vilivyoachwa Pennsylvania. Njia yao mtu yeyote anaielewa: wanafunika mdomo wa kisima kwa chombo mfano wa pipa, wanasubiri, wanachukua hewa ya ndani kwa vichupa kila baada ya muda, na maabara inaonyesha methani imeongezeka kwa kasi gani. Walikadiria kwamba visima hivyo vinachangia kati ya asilimia 4 na 7 ya methani yote itokanayo na shughuli za binadamu jimboni humo. Waligundua pia jambo ambalo tafiti nyingi za baadaye zimelithibitisha: visima vingi vinavuja kidogo sana, na vichache vinavuja kwa niaba ya vyote.

Ugunduzi huo wa mwisho una faida na hasara. Ukiwapata hao wachache na kuwaziba, umemaliza sehemu kubwa ya tatizo kwa pesa kidogo. Ila huwezi kuwajua kwa macho. Bomba linaloonekana baya linaweza kuwa kimya, na lile lililopakwa rangi vizuri likawa linapuliza mchana na usiku.

Uzito wake kwa hali ya hewa ni huu: tani moja ya methani, katika miaka 20 ya kwanza, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa. Haidumu sana angani, miaka 12 hivi, na ndiyo maana kuizuia leo kunaonekana matokeo mapema. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa duniani kuna visima vya nchi kavu vilivyoachwa vipatavyo milioni 8, na kwamba mwaka 2024 vilitoa methani kama tani milioni 3. Siyo sehemu kubwa zaidi ya tatizo la methani, na anayekwambia ndiyo anakuza mambo. Mitambo inayofanya kazi leo inavuja zaidi. Tofauti ni kwamba mtambo unaofanya kazi una mtu wa kumpa faini.

Na gesijoto ni kero ya mbali kwa anayeishi jirani na shimo. Kwake yeye kero ni maji.

Magharibi mwa Texas, kwenye Kaunti ya Pecos, kuna ziwa ambalo halipo kwenye ramani za zamani. Wenyeji wanaliita Lake Boehmer. Lina ukubwa wa ekari 60 hivi, katikati ya nyika kavu ambako ungetegemea kuona vichaka vya miba tu. Ukiwa mbali unaweza kufurahi. Ukikaribia unaona kingo zimeganda chumvi nyeupe, magongo ya miti iliyokufa yamesimama majini, na upepo ukigeuka unakuletea yale mayai viza. Maji yanatoka kwenye kisima kilichochorongwa katikati ya karne iliyopita na watafuta mafuta. Walikosa mafuta wakapata maji, na kama ilivyokuwa desturi, mwenye ardhi akakichukua kisima kwa ajili ya umwagiliaji. Miaka ikapita, bomba likaoza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya chumvi yakaanza kububujika yenyewe.

Nani akizibe? Mafuta na gesi ya Texas husimamiwa na chombo kinachoitwa Railroad Commission. Jina lisikuchanganye, hakina uhusiano na reli siku hizi. Kwa miaka mingi chombo hicho kimeshikilia kwamba kile ni kisima cha maji, na visima vya maji si kazi yake. Mamlaka ya maji ya eneo hilo nayo inasema waliokitoboa walikuwa watu wa mafuta. Wakati mjadala unaendelea, ziwa linaongezeka.

Huko huko Texas kuna jambo jingine linalowatoa jasho wahandisi. Kila pipa la mafuta la kanda ile linapanda na mapipa kadhaa ya maji ya chumvi, na maji hayo lazima yatupwe. Yanasukumwa tena ardhini kwenye visima maalumu. Mgandamizo wa chini unaongezeka, na kama ujuavyo, maji yakisukumwa hutafuta tundu. Tundu ni kisima cha zamani ambacho hakuna anayekumbuka kilipo. Mwanzoni mwa 2022, kwenye Kaunti ya Crane, kisima cha aina hiyo kilirusha maji ya chumvi angani kiasi cha mita 30. Hapo ndipo uzalishaji wa leo unapofufua makaburi ya jana.

Hatari ya mlipuko haitokei mara kwa mara, lakini ikitokea haisahauliki. Tarehe 17 Aprili 2017 nyumba moja ya mji wa Firestone, Colorado, ililipuka na kuua watu wawili waliokuwa kwenye chumba cha chini wakibadilisha mtambo wa kuchemshia maji. Chanzo kilikuwa bomba dogo la zamani lililokatwa na kuachwa ardhini, huku upande wa pili likiwa bado limeungwa kwenye kisima. Kisima kilikuwa kimesimama kwa muda, kikawashwa tena, na gesi ikapita kwenye udongo mpaka chini ya nyumba. Nyumba zile zilikuwa mpya. Waliozinunua hawakuwa na sababu ya kuuliza chini kuna nini.

Kuziba kisima si siri wala si sayansi ngeni. Mtambo mdogo wa kuchoronga unaletwa, kwanza kwa kusafisha. Mashimo ya zamani yamejaa vitu: fimbo za pampu zilizokatika, nyaya, mabomba, zana alizodondosha fundi mwaka 1930 akaona aibu kusema. Wachorongaji huita kazi ya kuvitoa "kuvua", na kitu chenyewe kilichopotelea chini hukiita "samaki". Kama uvuvi wenyewe, unaweza kumaliza saa moja au ukakaa wiki mbili ukitupa ndoana gizani, na mtambo unalipiwa kwa siku.

Shimo likiwa safi, kinashushwa kifaa kinachotoa sauti na kusikiliza mwangwi, kujua kama saruji ya nyuma ya bomba bado imeshika. Isiposhika, bomba linatobolewa kwa baruti na saruji mpya inasukumwa kupitia matundu hayo. Ndipo linaanza kuzibwa kutoka chini kwenda juu, kwa vipande: kizibo cha saruji juu ya mwamba wenye mafuta, kingine juu ya tabaka la gesi, kingine chini ya maji matamu. Kila kimoja kinaachwa kikauke, kisha fundi anashusha bomba na kukibonyeza kwa uzito kuona kama kimeshika. Mwisho bomba linakatwa mita moja au mbili chini ya udongo, linachomelewa bamba la chuma, shimo linafukiwa, majani yanapandwa. Mwaka unaofuata ng'ombe anakula juu yake.

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2021 uliochambua maelfu ya visima ulikuta kuwa kuziba peke yake hugharimu dola 20,000 kwa kisima cha kawaida, na ukijumlisha kurudisha ardhi ya juu kama ilivyokuwa, dola 76,000. Vichache hupita dola milioni moja. Kina kikiongezeka, bei inapanda. Samaki wakiwa wengi, inapanda zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini, ambacho mimi naona hakiko ardhini kabisa. Kisima kikiwa kichanga na kinatoa mapipa elfu kwa siku, kinamilikiwa na kampuni kubwa yenye majengo ya vioo. Pesa za kuziba ipo nazo tele. Kikishuka mapipa mia, inakiuza kwa kampuni ya kati. Kikishuka kumi, kinauzwa tena kwa kampuni ya familia yenye magari mawili. Kila mauzo ni halali, na kila mnunuzi anaandika sahihi kwamba amepokea kisima pamoja na wajibu wa kukiziba. Mafuta yanapungua, wajibu uko palepale. Mwishoni unakutana na mtu ambaye ana visima sitini vinavyotoa pipa moja moja na akaunti yenye pesa za kuziba viwili. Anafunga ofisi. Waliochuma wakati wa neema hawadaiwi kitu, au wanadaiwa mahakamani kwa miaka kumi. Mtaani tungesema amekula nyama na kumwachia mwenzake kusafisha jiko.

Serikali zilijaribu kulizuia hili kwa dhamana: kabla hujatoboa, weka pesa pembeni. Wazo ni zuri, kiwango ndicho kichekesho. Kwenye ardhi ya serikali kuu ya Marekani, dhamana ya chini kwa leseni moja iliwekwa mwaka 1960 kuwa dola 10,000, na leseni moja inaweza kuwa na visima vingi. Ilikaa hapo hapo zaidi ya miaka 60, wakati bei ya kila kitu kingine ikipanda, hadi ilipopandishwa mwaka 2024 kuwa dola 150,000. Kwa mfanyabiashara anayejua hesabu, kupoteza dhamana ya dola 10,000 kuliko kulipa gharama ya dola 76,000 kwa kila shimo si uamuzi mgumu. Tusimlaumu sana kwa kusoma kanuni zilivyoandikwa.

Pengo linajazwa na mlipa kodi. Sheria ya miundombinu iliyopitishwa Marekani Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 4.7 kwa visima yatima. Ni pesa nyingi mpaka uigawe kwa dola 76,000: unapata visima 62,000 hivi, nusu ya vile vilivyoorodheshwa wakati huo, bila kugusa vile ambavyo bado vinatafutwa msituni. Kanada nayo, mwaka 2020, ilitenga dola zake bilioni 1.7 kwa kazi hiyo, kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja: mafundi wa mafuta hawakuwa na kazi wakati wa korona, na visima vilikuwepo.

Kanada imetupa pia kesi ambayo ningependa kila mbunge wa nchi yenye mafuta aisome. Kampuni ndogo ya Alberta iitwayo Redwater Energy ilifilisika mwaka 2015 ikiwa na visima vizuri vichache na vibovu vingi. Wafilisi walitaka kuviuza vizuri, wailipe benki, na kuvikana vibovu viwe mzigo wa umma. Mahakama mbili za jimbo zilikubali. Januari 2019, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa, majaji watano kwa wawili: kufilisika hakumpi mtu ruhusa ya kupuuza kanuni, na pesa zilizobaki lazima ziende kwanza kwenye kuziba. Uamuzi huo ulibadilisha jambo moja la kimyakimya ambalo naliona kubwa kuliko kelele zote. Benki zilianza kuuliza, kabla ya kukopesha, mteja ana visima vibovu vingapi. Mkaguzi wa serikali anaweza asifike kijijini kwa miaka mitano, lakini benki inafika.

Baharini mambo ni magumu mara kadhaa, maana hata kufika kwenye mdomo wa kisima kunahitaji meli. Mbele ya pwani ya Jimbo la Ondo, Nigeria, kisima cha Ororo-1, kilichochorongwa miaka ya 1980 na kuachwa kwa muda mrefu, kilishika moto mwaka 2020 wakati kikifanyiwa kazi ili kirudishwe uzalishaji. Moto uliendelea kuwaka juu ya maji kwa miaka.

Kwetu Afrika Mashariki visima vya zamani ni vichache, na hiyo ni bahati ya kuchelewa. Havikosekani hata hivyo. Kule Butiaba, Uganda, kando ya Ziwa Albert, kampuni moja ya uwekezaji kutoka Afrika Kusini ilichoronga kisima cha Waki mwaka 1938, vita vikaja, kazi ikaachwa. BP na Shell walichoronga Unguja, Pemba na Mafia kati ya miaka ya 1950 na 1960 bila kupata walichotaka. Kisha AGIP ya Italia ikakuta gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ikaona haina soko, ikaondoka.

Mnazi Bay ina funzo ambalo husahaulika. Kisima kile cha kwanza kilikaa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2005 kilifunguliwa upya, kikapimwa, na baadaye gesi yake ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi. Kumbe kisima kilichofungwa kwa utaratibu, chenye karatasi zake kamili, ni akiba. Shimo lisilo na karatasi ndilo deni.

Wingi wenyewe ndio kwanza unakuja. Mradi wa mafuta wa Tilenga peke yake, huko Buliisa na Nwoya, Uganda, umepangiwa visima 426, na Kingfisher 31, vyote vikilisha bomba la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, Tanga. Sheria zetu zimeandikwa baada ya wenzetu kuumia, kwa hiyo ziko mbele kidogo: sheria ya petroli ya Uganda ya 2013, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2019 zote zinataka uwepo mfuko maalumu wa gharama za kufunga shughuli. Hoja yangu ni ya wakati. Sheria ya Uganda inaruhusu mfuko uanze kuchangiwa uzalishaji ukifikia nusu ya akiba inayoweza kutolewa, au miaka mitano kabla ya leseni kuisha. Nusu ya kwanza ndiyo nono. Kwa nini tungoje mpaka mwenye deni aanze kukonda?

Na ule mnyororo wa kuuziana tayari umefika. Tullow Oil ilipata mafuta Lokichar, Turkana, kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, ikachoronga vingine vingi, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ya majaribio ikapakiwa Mombasa kwa shangwe. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilikubali kuiuzia Gulf Energy mali zake zote za Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120. Uzalishaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza. Visima vile vimeshabadilisha mikono kabla ya kutoa hata pipa moja la kuuza kwa mkataba wa muda mrefu, na kila kimoja kina mdomo utakaohitaji saruji siku moja. Kifungu cha mkataba kinachosema nani ataishusha, na pesa zake zimewekwa benki gani, ndicho ambacho wakazi wa Lokichar wanafaa kusomewa kwenye baraza, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, kabla mtambo wa kwanza haujarudi.